Alama Sita za Uwezo: Ipi Yenye Faida Kubwa?



Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili aliniomba niandike somo la Hesabu litakalosomwa hata na wale wasiopenda Hesabu. Nimefikiri sana, nami nimeona heri niandike juu ya mchezo tunaoucheza kila Jumamosi alasiri barazani pa bweni letu hapa Luzira, mahali ambapo mtu akiinua macho huona ziwa na mitumbwi ya Port Bell. Wengi wenu mmetuona tumeuzunguka ule mkebe wa majani ya chai, mkadhani twacheza kamari. Sivyo. Ndani ya mkebe hamna hata senti. Mna karatasi 20 tu, na kazi yake nitaieleza. Lakini ninayo sababu nyingine ya kuandika. Muhula uliopita nilimdhulumu mwenzangu mmoja katika mchezo huo pasipo kujua, na hesabu ndiyo iliyonionyesha jinsi nilivyomdhulumu.

Kwanza mchezo wenyewe. Ulitungwa Marekani na watu wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons. Tangu hapo umeandikwa upya mara nyingi. Sisi twatumia kanuni za mwaka 2014, na hata katika zile za mwaka 2024 mambo nitakayoyataja karibu yote hayakubadilika. Mchezo huu hauna ubao kama omweso, wala hauna mshindi. Mtu mmoja huwa msimulizi: yeye hueleza mahali, hali ya hewa, adui na watu wanaokutwa njiani. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, naye husema, "Mimi nafanya hivi." Jambo likiwa jepesi, msimulizi husema limefanyika. Likiwa la mashaka, bahati huulizwa, na mhusika husaidiwa au huangushwa na alama zake za uwezo. Katika omweso kila mtu huanza na kete 32 sawasawa na mwenzake, na tofauti iko kichwani mwa mchezaji. Hapa watu huanza bila kulingana, na mabishano yote huanzia hapo.

Alama zenyewe ni sita: Nguvu, Wepesi, Siha, Akili, Busara na Haiba. Nguvu na Wepesi hazihitaji maelezo. Siha ni uwezo wa mwili kuvumilia kiu, sumu na majeraha. Haiba ni ule uwezo wa kuwafanya watu wakusikilize. Akili na Busara watu huzichanganya, kwa hiyo mimi huwaambia wageni hivi: mwenye Akili ajua jina la nyoka na aina ya sumu yake, mwenye Busara amemwona kabla hajamkanyaga.

Zamani kila alama ilipatikana kwa kurusha dadu tatu za kawaida, zile za ludo, na kuzijumlisha. Hapo pana somo zuri. Dadu tatu zaweza kuanguka kwa njia 6 × 6 × 6, yaani 216. Kati ya hizo, njia ya kupata 18 ni moja tu, na ya kupata 3 ni moja tu. Lakini njia za kupata 10 ni 27, na za kupata 11 ni 27 vilevile. Ukijumlisha njia za 9, 10, 11 na 12 utapata 104, karibu nusu ya zote. Ndiyo maana watu wengi walikuwa wa katikati, na aliyepata 18 alitembea bweni zima akiwaonyesha wenzake karatasi.

Sisi hatutumii njia hiyo, maana ilileta manung'uniko. Twatumia njia ya kununua. Kila mchezaji hupewa pointi 27 za kutumia. Alama ya 8 haina bei. 13 ni pointi 5, 14 ni pointi 7, na 15, ambayo ndiyo ya juu kabisa, ni pointi 9. Baadaye mtu huongezewa kidogo kwa sababu ya asili ya mhusika wake, ndipo hufikia 16. Sasa angalieni jambo hili: bei ni ile ile kwa alama zote sita. Pointi 9 zanunua Nguvu 15, nazo zanunua Wepesi 15. Kama mchuuzi wa soko la Nakawa angeuza nyama, samaki na mihogo kwa bei moja kila kilo, wateja wangejipanga kwenye nyama na samaki, na jioni angerudi nyumbani na mihogo yake. Basi swali langu ni hili: katika alama hizi sita, nyama ni ipi na mihogo ni ipi?

Ili kujibu, yatupasa kujua alama hufanya kazi gani. Chukua alama yako, utoe 10, ugawanye kwa 2, na kama kuna nusu uishushe. Jibu ndilo nyongeza yako. Mwenye 16 ana nyongeza ya 3. Mwenye 10 hana kitu. Mwenye 8 hupunguziwa 1. Kisha huja dadu yenye pande 20. Dadu ya namna hiyo hatuna, kwa hiyo tuliandika namba 1 mpaka 20 kwenye vipande vya karatasi, tukavikunja sawasawa, tukavitia mkebeni. Mtu huchomoa kimoja, husoma, huongeza nyongeza yake, na kukirudisha. Kukirudisha ni lazima! Kama kipande cha 20 kimetoka na hakikurudi, atakayefuata hawezi tena kukipata, na bahati yake si sawa na ya mwenzake. Tuliwahi kupoteza kipande cha 1 kwa majuma mawili, na sote tukawa mashujaa, mpaka kilipoonekana ndani ya Biblia ya mtu kikiwa kimewekwa alama ya ukurasa.

Tuseme jambo ni gumu kiasi cha 15. Asiye na nyongeza hana budi kuchomoa 15 au zaidi, yaani vipande 6 kati ya 20, ni 30 kwa mia. Mwenye nyongeza ya 3 atosheka na 12 au zaidi, vipande 9, ni 45 kwa mia. Mwenye punguzo la 1 ana vipande 5 tu. Kila nyongeza moja ni kipande kimoja, na kila kipande ni 5 kwa mia. Kwa hiyo alama yenyewe haina ukubwa wa ajabu. Faida yake hutokana na idadi ya mara utakazoambiwa uingize mkono mkebeni kwa ajili yake.

Kwa kipimo hicho, Wepesi ndio nyama. Huo huamua nani atangulie pigano linapoanza. Huongeza kinga ya asiyevaa deraya nzito, ili adui amkose. Huongezwa kwenye mshale, mara ya kwanza ili upate na mara ya pili ili uumize. Huongezwa hata kwenye upanga mwepesi, kazi ambayo mtu angedhani ni ya Nguvu. Kuruka kando moto unapolipuka ni Wepesi. Kunyata usiku, kutembea juu ya gogo, kuiba ufunguo kiunoni mwa mlinzi, yote ni Wepesi. Natoa mfano mmoja. Mpiga upinde mwenye Wepesi 16 aliyevaa ngozi ana kinga ya 14. Mtu mwenye Wepesi 8 aliyevaa ngozi ile ile ana kinga ya 10. Adui mwenye nyongeza ya 4 humpata wa kwanza kwa vipande 11 kati ya 20, na humpata wa pili kwa vipande 15. Hiyo ni tofauti ya kutosha kumtoa mtu katika hadithi.

Siha haina sifa ya kusimuliwa. Hakuna stadi hata moja iliyo chini yake, wala hakuna mtu aliyepata kujivunia mhusika wake kwa Siha. Lakini kila mtu huinunua, maana alama za uhai huongezeka nayo katika kila daraja. Mchukueni mchawi wa daraja la 5, ambaye sisi tulio katika shule ya misheni twamwita mnajimu ili tusiulizwe maswali. Akiwa na Siha 10, kwa hesabu ya kawaida ana alama 22 za uhai. Akiwa na 14, ana 32. Ameongeza karibu nusu ya uhai wake kwa pointi 5 zaidi. Mimi naiweka Siha ya pili, na sitabishana na atakayeiweka ya kwanza.

Busara ina stadi tano chini yake, na moja ya hizo, kuona na kusikia, huulizwa kuliko stadi nyingine yoyote. Tena ndiyo humwokoa mtu asitiwe hofu au kurogwa akili. Akili nayo ina stadi tano, lakini ni za kujua tu: historia, dini, viumbe, mambo ya siri, na upelelezi. Haina la kufanya katika pigano, isipokuwa kwa mnajimu. Haiba ina stadi nne, nayo hutegemea kama hadithi ina watu wa kuzungumza nao au ina mamba tu. Na Nguvu? Nguvu ina stadi moja kati ya zote 18: kupanda, kuogelea na kurukaruka. Basi.

Mpaka hapa nilikuwa nimefika muhula uliopita, na nilijiona mwalimu. Akaja kijana mmoja wa kidato cha pili, mpole, akataka kucheza. Tulimpa pointi zake 27. Alinunua Nguvu, akaongezewa, akawa na 16. Wepesi aliuacha kwenye 8. Wakubwa wakacheka. Nikamwambia, "Mdogo wangu, umenunua mihogo." Akajibu kwa adabu, "Kaka, nyumbani mimi ndiye nichotaye maji. Nataka mtu ninayemjua." Mhusika wake akawa mpagazi.

Muhula mzima mpagazi huyo hakupata hata siku moja njema. Akitangulia adui, yeye alikuwa wa mwisho. Mshale ukirushwa, ulimpata yeye. Tukinyata, yeye ndiye aliyekanyaga kijiti kikavu. Wengine mtasema kwamba angalivaa deraya nzito, ambayo haijali Wepesi. Kweli, mwenye Nguvu 13 huweza kuvaa deraya ya minyororo bila kupunguza mwendo. Lakini deraya hiyo ina ratili 55, na mwenye kuivaa hunyata kama ng'ombe, na yeye alisema mpagazi maskini ataipata wapi. Jumamosi moja hakuja. Ya pili hakuja. Nilimkuta kwenye bomba la maji akijaza jerikani la jikoni, nikamwuliza ana nini. Hakuniangalia. Alisema, "Kaka, yule mtu wangu ana nguvu za nini?" Kisha akalichukua jerikani lake akaenda.

Swali hilo lilinikaa. Usiku, kabla taa hazijazimwa, nilifungua daftari ambamo huandika kila jaribio kwa vijiti, kila alama na mstari wake. Mstari wa Wepesi na mstari wa Busara ilikuwa imejaa mpaka kwenye pambizo. Mstari wa Nguvu ulikuwa na vijiti vichache hata nikaweza kuvihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Daftari lile ni langu, na msimulizi ni mimi. Mtu hachomoi karatasi ila nimwambie achomoe. Ndipo nikalikumbuka lile jerikani.

Jerikani la lita 20 likijaa lina kilo 20 na kidogo, yaani kama ratili 44. Kanuni zasema mtu aweza kubeba ratili 15 mara Nguvu yake, wala hawezi kuzidisha hapo. Iko pia kanuni ya hiari, iliyo kali zaidi: ukizidisha ratili 5 mara Nguvu yako, mwendo wako wa futi 30 hushuka kuwa 20, ukizidisha 10 mara Nguvu, hushuka kuwa 10, na katika kazi za mwili huchomoa karatasi mbili ukachukua ile mbaya. Sasa mpiga upinde wetu, shujaa wa muhula, alikuwa na Nguvu 8. Mara 5 ni 40. Mtu huyo hakuweza kutoa jerikani moja bombani mpaka jikoni bila kupunguza mwendo! Na mimi nilikuwa nimemwacha avuke misitu na kamba, hema, chakula cha juma zima, mishale isiyohesabika na fuko la shaba alilolikuta pangoni. Sikuwa nimepima hata kitu kimoja. Niliona kupima mizigo ni kazi ya kuchosha, nikawasamehe wote. Lakini msamaha ule ulikuwa na mwenye kuulipa. Kila ratili niliyomsamehe mwenye Nguvu 8 niliitoa katika pointi za yule aliyenunua Nguvu 16. Yeye alilipa pointi 9 kwa kitu ambacho wenzake niliwapa bure.

Nikaendelea kusoma daftari, nikaona kwamba Akili nayo niliifanyia vivyo hivyo kwa njia nyingine. Mimi hupenda kusimulia. Tukifika kwenye kaburi la kale, huanza mara moja kueleza ni la nani na alikufaje, na kila mtu husikia, mwenye Akili 16 na mwenye Akili 8. Kwa nini basi mtu anunue Akili? Na Haiba ilikuwa na dhuluma yake, mbaya kuliko zote. Tunaye mwenzetu asemaye polepole, ambaye hutafuta maneno. Mhusika wake alikuwa na Haiba 16, na mimi nilimkatalia mara nyingi kwa sababu mchezaji mwenyewe alinena vibaya. Na mwingine, bingwa wa midahalo, ambaye mhusika wake alikuwa na Haiba 8, alinishawishi kila mara kwa ulimi wake mwenyewe. Huyo wa pili alikuwa akinunua Wepesi kwa pointi, na Haiba akaileta toka nyumbani.

Hapa yafaa niseme kwamba si kila mchezo huuza alama zote kwa bei moja. Katika GURPS, mchezo uliotolewa na Steve Jackson mwaka 1986, kanuni za mwaka 2004 hutoza pointi 10 kwa kila hatua ya Nguvu au Siha, na pointi 20 kwa kila hatua ya Wepesi au Akili. Kule Akili ni kitu cha thamani, maana stadi nyingi sana hujengwa juu yake. Katika Traveller, wa mwaka 1977, Elimu imetengwa na Akili, nayo ina alama yake peke yake. Jambo hilo nililipenda, nikalisema mbele ya mwalimu wetu wa Hesabu, naye akaniuliza mimi nina ngapi. Na hata Dungeons & Dragons ya kwanza ya mwaka 1974 haikufanana na ya leo. Nguvu haikuongeza pigo la mpiganaji hata kidogo. Ilimsaidia apande daraja upesi tu. Mwaka 1975 ndipo kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk kilipoipa kazi vitani. Haiba ilihesabu wafuasi: mwenye 3 aliweza kuwa na mfuasi mmoja tu, na mwenye 18 aliweza kuwa na 12. Kwa hiyo Nguvu si mihogo kwa asili yake, wala Akili. Ni mihogo pale ambapo mwenye kupika hakuandaa chakula cha mihogo.

Muhula huu nimeacha hadithi za misitu ya kubuni. Tumeanza msafara. Tumetoka Bagamoyo katika miaka ya 1870, twenda Mpwapwa, Ugogo na Unyanyembe, kisha Karagwe, tufike Buganda kwa Kabaka Mutesa wa kwanza. Misafara mingi ya kweli ilichukua watumwa pia, nasi twajua. Tulikubaliana siku ya kwanza kwamba wa kwetu hauchukui, na atakayekutana na msafara uchukuao ataamua la kufanya. Mali yetu ni nguo, shanga na nyaya za shaba. Nilitafuta habari za wapagazi wa zamani, nikakuta kwamba mzigo wa mtu mzima ulikuwa karibu na frasila mbili, na frasila moja ni kama ratili 35. Frasila mbili basi ni ratili 70. Ligawanye fungu hilo kwa 5: jibu ni 14. Yaani mtu mwenye Nguvu 14 huchukua mzigo kamili wa mpagazi bila kupunguza mwendo, wala hawezi kuongeza hata ratili moja. Nilipopata jibu hilo nilicheka peke yangu, maana waliotunga kanuni hizo na wafanyabiashara wa Bagamoyo hawakuwahi kukaa kikao kimoja.

Nilimwendea yule kijana na karatasi hiyo ya hesabu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nilikosa. Jumamosi njoo na mpagazi wako." Aliisoma mara mbili, akauliza kama frasila ni neno la kweli.

Jumamosi ile tulifika ukingo wa Marenga Mkali, nyika isiyo na maji iliyo kati ya Mpwapwa na Ugogo. Niliwapa siku mbili za kuivuka. Kanuni zasema mtu ahitaji galoni moja ya maji kwa siku, na jua likiwa kali galoni mbili; akinywa nusu tu, humlazimu kujaribiwa Siha kwa ugumu wa 15, asije akalegea. Kiriba kilichojaa kina ratili 5, na viriba viwili ni galoni moja. Kwa siku mbili za jua kali kila mtu alihitaji viriba vinane, yaani ratili 40. Tena kila mtu alikuwa na frasila zake mbili za mali.

Wote wakachukua kalamu. Mpiga upinde alihesabu: upinde, mishale 20, podo na vazi la ngozi, ratili 14, malazi 7, kamba 10, chakula cha siku mbili 4, maji 40, mali 70. Jumla 145. Mpaka wake wa mwisho, 15 mara 8, ni 120. Haiwezekani hata kwa kutambaa. Alihesabu tena, akaomba kifutio, akahesabu mara ya tatu. Mpagazi naye alihesabu: vazi 10, mkuki 3, malazi 7, chakula 4, maji 40, mali 70. Jumla 134. Alikuwa amepita 80, hivyo angekwenda polepole, lakini hakufika 160, na mpaka wake wa mwisho ulikuwa 240.

Barazani pakawa kimya, jambo lisilo la kawaida. Kisha mpiga upinde, ambaye ni wa kidato cha tano na ni kiranja, akamwambia kijana wa kidato cha pili, "Ndugu yangu, nibebee hata nusu frasila." Kijana akapiga hesabu pambizoni: 134 na 17 na nusu ni 151 na nusu. "Sawa," akasema, "lakini tukifika Ugogo mimi nitatangulia kunywa."

Mpiga upinde aliacha kamba na malazi, na bado alilazimika kuzika nguo nyingi mchangani. Matokeo yake tuliyaona Ugogo. Watemi wa Ugogo walitoza hongo kwa kila msafara uliopita, na hongo ililipwa kwa nguo, nasi nguo tulikuwa tumezipunguza. Hapo nilimgeukia yule asemaye polepole. Nilimwambia asinihutubie, aniambie kwa maneno machache tu ni nini atakachomwahidi mtemi, kisha achomoe karatasi na aongeze nyongeza yake ya 3. Alichomoa 13. Tulipita kwa nusu ya nguo walizotaka. Bingwa wa midahalo alikasirika, akasema yeye angepata zaidi. Pengine ni kweli, lakini mhusika wake ana Haiba 8, na karatasi haisikii Kiingereza kizuri.

Nikiulizwa leo, bado nasema Wepesi ndio wa kwanza pigano linapoanza, na anayetaka kuishi asiache kununua Siha. Lakini Nguvu nimeitoa mwisho nikaiweka juu ya Akili, na Akili naihurumia bado, kwa kuwa sijajifunza kunyamaza. Juzi niliwauliza wamwendee mwenye Akili wao wamwulize maji ya kisima fulani ni ya kunywa au sivyo, na kabla hajaingiza mkono mkebeni nilikuwa nimekwisha kuwaambia ni ya chumvi.

Sasa msafara umekaribia Unyanyembe. Mimi sitafika nao Buganda, maana mwezi wa Novemba sisi wa kidato cha sita twafanya mtihani wa mwisho, na mkebe lazima upate mwenyewe mwingine. Kiranja aliutaka. Wengine walipendekeza yule bingwa wa midahalo. Tulipiga kura kwa karatasi, na aliyechaguliwa ni yule kijana wa kidato cha pili. Amenunua daftari jipya. Nimechungulia ukurasa wa kwanza: hakuna hadithi bado, kuna orodha ya uzito wa kila kitu, kuanzia ngoma ya kirangozi mpaka sufuria ya ugali, na mbele ya sufuria ameandika, "ikiwa tupu".